Kabla ya sarafu, chenji ilikuwa inapatikanaje?

Muuliza swali:
Wakuu habari zenu. Mimi sio msomi, nasoma tu mambo ya kale usiku nikikosa usingizi, na vita za wafalme zimeshanichosha, nataka kujua mtu wa kawaida alikuwa anaishije. Misri ya mafarao hawakuwa na sarafu, shule tulifundishwa ni mali kwa mali. Sasa mimi nina ng'ombe nataka viatu, namkata mguu au?

Jibu 1:
Hahaa mkuu usimkate. Angalia kijiji cha Deir el-Medina walikokaa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, wale jamaa waliandika kila kitu kwenye vigae na vipande vya mawe, mauzo, madeni, mpaka ugomvi. Bei walitaja kwa deben, yani uzito wa shaba kama gramu 91 hivi, ila shaba yenyewe si lazima uione. Unauza ng'ombe unapewa mafuta, nguo, nafaka, labda na vipande vya shaba, kila kimoja kinapigiwa deben zake mpaka hesabu ifike. Chenji yako ni kikapu.

Jibu 2:
Na mshahara ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida kwa mwezi magunia 4 ya ngano ya kizamani na moja na nusu ya shayiri, ya pombe hiyo, na gunia lao lilikuwa kama lita 76.

Muuliza swali:
Ngano lita 300 kwa mwezi?? Anakula nani yote hiyo

Jibu 2:
Familia nzima mkuu, na inayobaki ndo pesa ya matumizi. Ndo maana ilipochelewa enzi za Ramesses III, mwaka wa 29 wa utawala wake, waligoma, wakatoka kazini wakaenda kukaa nyuma ya hekalu wanasema tuna njaa.

Jibu 3:
Mmesahau mkopo, mi naona ndo ulibeba kila kitu. Kijiji kidogo mnajuana, unachukua leo unalipa ukivuna au ukipokea posho. Shida ni mdaiwa. Fundi mmoja, Menna, alimkopesha mkuu wa polisi Mentmose chungu cha mafuta, akaahidiwa atalipwa shayiri, akazungushwa miaka 18, na mahakamani alishampeleka zaidi ya mara moja.

Muuliza swali:
Miaka 18 chungu kimoja! Yani polisi hata enzi za farao. Bora ningemkata tu ng'ombe mguu