Naombeni ushauri: begi la dharura, Shela hadi Kipungani kwa miguu

Mtembezi_Mpya: Wakuu, hamjambo. Nataka kufuata ufuo kwa miguu hapa Lamu, kutoka Shela hadi Kipungani, nilale njiani kwenye vilima vya mchanga. Nimeshapakia bandeji, plasta, dawa ya kuhara, kiberiti, kisu, filimbi na tochi ya kichwani. Nimesahau nini? Usiku nategemea mbalamwezi maana mwezi utakuwa mpevu, na nimeambiwa ni maji mafu, bahari haijai sana, kwa hiyo ufuo utakuwa mpana. Ila moyo hautulii.

PundaMchovu: Umesahau punda.

Nahodha_Mstaafu: Filimbi ni jambo zuri. Puliza mara tatu, nyamaza, puliza tena tatu. Tia na kioo kidogo, mmeto wake mchana mwenye mashua huuona kutoka mbali. Sisi mashine ilituzimikia nje ya Kiwayu, mashine yenyewe ya mkopo wa shemeji, na shemeji yumo chomboni analia deni badala ya kulia roho yake. Kilichotuokoa ni kioo cha kunyolea ndevu.

Bi_Langoni: Mbona hujataja maji? Ufuo ule ni kama kilomita 12, hakuna kivuli wala duka. Usidanganyike kwa kusikia visima vya mji vinalishwa na vilima vile. Maji yako chini ya mchanga, hutayachota kwa kiganja.

Mtembezi_Mpya: Nabeba lita moja na nusu. Nataka begi liwe jepesi.

DukaLaSimu: Pawabenki zipo, bei ya maelewano.

Ustadhi_Mkomani: Vijana, safari huanza kwa radhi za mama. Mama yako anajua?

Bi_Langoni: Mwanangu, lita moja na nusu, na unalala huko huko? Una maradhi yoyote?

Mtembezi_Mpya: Swali langu lilikuwa la begi, bibi.

Bi_Langoni: Na langu ni la mbeba begi.

Mtembezi_Mpya: Haya. Nina selimundu. Lakini niko sawa, foliki ya damu na Paludrine ya kuzuia malaria nameza kila siku, sijalazwa muda mrefu. Ruhusa kazini nimepata na boti ya kunirudisha nimeshailipia. Daktari hajanikataza.

Nesi_wa_Pwani: Ulimuuliza? Figo za mwenye selimundu hazishiki maji vizuri. Unaendelea kukojoa hata mwili ukiwa na kiu. Ukikaukiwa na maji, ukijichosha, au ukilowa kisha upepo wa usiku ukakupiga, maumivu yanaweza kuamka. Kwa hiyo maji kwanza, mengi kuliko ya mwenzako mzima, na pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa iwe mfuko wa juu, si chini ya hema. Nguo kavu na blanketi. Karatasi ndani ya plastiki: jina, ugonjwa, dawa, simu ya ndugu. Na homa ikipanda, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri asubuhi. Peke yako mimi sikushauri kabisa.

MwanaAmu: Subirini kwanza. Mwezi mpevu na maji mafu usiku mmoja? Bahari gani hiyo? Mwezi mpevu ni bamvua, bahari hujaa na kupwa sana, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Huyu hayuko Lamu, anatutungia hadithi, na nyinyi mnamtibu.

PundaMchovu: Nilimshuku tangu alipokataa punda.

Mtembezi_Mpya: Mimi ni mtu wa Taveta, kazi ndiyo iliyonileta. Habari ya maji mafu nimeipata kwa wenye boti.

Nahodha_Mstaafu: Awe mkweli, awe mwongo, atakayesoma uzi huu asipotee. Bamvua hujaa alasiri na tena alfajiri, ufuo unabaki ukanda tu. Tembea maji yakipwa, na usipige hema chini ya mstari wa mwani mkavu.

Mtembezi_Mpya: Basi niahirishe mpaka mwezi uwe nusu? Boti nimeshailipia.

Bi_Langoni: Boti itageuza tarehe. Tafuta na mwenzako, wewe na yeye mgawane mzigo wa maji.

Mtembezi_Mpya: Kuna mwenzangu kazini, ila anaongea sana.

Nesi_wa_Pwani: Huyo huyo.

MwanaAmu: Bado siamini. Weka picha ya begi.

Mtembezi_Mpya: Nitaweka, simu inazima chaji.

DukaLaSimu: Nipo Langoni mpaka isha.