Tupeane uzoefu: kuzungumza mbele ya darasa na kazi za vikundi

Mwalimu Mtarajiwa, Mbale: Jana nilimwona msichana wa kidato cha kwanza akiwasilisha kazi ya kikundi chake huku karatasi ikimtetemeka mkononi, nami nikakumbuka siku yangu. Chuoni tulikuwa watu 7, na mada yetu ilikuwa Bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Tuligawana vipande, kila mtu akashika njia yake, tukakutana tena mlangoni pa ukumbi. Aliyepaswa kuzungumza hakutokea, nikasukumwa mbele mimi niliyechora ramani tu. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikairudia, kisha nikairudia tena, kwa kuwa macho yalikataa kushuka mstari wa pili. Karatasi ya manila ikabanduka ukutani upande mmoja, asinyanyuke hata mwenzangu mmoja kuishika. Mhadhiri akauliza kwa nini bwawa lilijengwa pale. Jibu nilikuwa nalo, kwamba Mto Naili hutoka Ziwa Victoria papo hapo kwa maporomoko yenye nguvu, lakini koo lilikauka. Mpaka leo kinachoniuma ni kwamba tulikuwa kundi zima na nilisimama peke yangu.

Msomaji wa Soroti: Hiyo manila kubanduka naijua. Pole sana, ndugu.

Mama Watatu, Bombo: Mimi nilinyamazishwa nikiwa darasa la tatu. Shuleni kwetu aliyenaswa akizungumza lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, na hakukivua hadi amnase mwingine. Nilikivaa tangu asubuhi hadi kengele ya jioni kwa sababu nilimwomba mwenzangu kalamu kwa Kinubi. Kamba ilikuwa ya katani, ikanichubua nyuma ya shingo. Tangu hapo, kila nikitaka kusema napima kwanza neno moja moja kichwani, na nikimaliza kupima wenzangu wameshahamia jambo jingine. Mwaka jana ndipo nilipozungumza bila woga, katika chama chetu cha kuweka na kukopa, kwa Kiswahili.

Msomaji wa Soroti: Mama, nimesoma mara mbili. Hata kwetu kibao kilikuwepo.

Kiongozi wa Kikundi, Gulu: Pole, mama. Kuhusu vikundi, asiyefanya kazi jina lake lifutwe. Nimebeba watu miaka miwili.

Mwanafunzi wa Arua: Sikubali. Langu lilifutwa wakati nikiuza nyanya sokoni jioni kutafuta karo, na vikao vyote viliwekwa jioni.

Kiongozi wa Kikundi, Gulu: Ungesema.

Mwanafunzi wa Arua: Nimwambie nani, ikiwa waliokaa mbele wameshaamua kila kitu?

Mwalimu, Masaka: Jambo hili ni zito, kwa sababu katika mtaala wa sekondari ya chini hapa Uganda ulioanza mwaka 2020, tathmini ya shuleni, miradi ikiwamo, huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Mimi humtaja mzungumzaji siku yenyewe, hivyo kila mmoja hulazimika kujua kazi yote. Hoja ziandikwe kwenye kipande cha boksi, maana hakitikisiki, na umtazame mtu mmoja mwenye uso wa upole.

Msomaji wa Soroti: Afadhali ukuta wa nyuma, mwalimu. Uso huo ukikunjamana katikati, utapotea.

Mwalimu Mtarajiwa, Mbale: Mama wa Bombo, leo nilimwuliza yule msichana alijiandaaje, akanijibu kwamba alijizoeza mbele ya bibi yake kwa Kigisu na hakukwama popote. Jumatatu nitamwomba aanze hivyo hivyo, kisha aendelee kwa Kiingereza, na wenzake wote wasimame naye, wawili wakiwa wameshika manila.