Naomba ushauri: Berlin siku tatu kwa hela ya mawazo

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na wengine wote habari zenu.

Mimi na mke wangu tunasoma Poland. Mwezi wa tano tutakaa Berlin siku tatu kabla ya kupanda ndege ya kurudi Dar pale uwanja wa BER. Malazi tumeshalipia, hosteli Kreuzberg. Za kula na kuzunguka ni euro 120 kwa wote wawili.

Vya bure tumevipanga: Lango la Brandenburg, mabaki ya Ukuta pale East Side Gallery, na kuba la Bunge, ambalo halina kiingilio ila unajiandikisha mapema. Nilitafuta nafasi ya jioni nikakuta zimejaa, tukachukua asubuhi. Mabasi ya watalii tumeyafuta kabisa, maana basi namba 100 la kawaida linapita vivutio vingi vya katikati.

Kimoja hatukiachi hata tukilala njaa: Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na historia ya asili. Lile dinosaria refu lililofukuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 liko pale, na mke wangu kwao ni hukohuko Lindi. Yaani tulipe kiingilio kumwona wa nyumbani, haya bwana.

Sasa, tununue tiketi za siku za usafiri wa mjini za kanda AB (katikati na mji wenyewe) na kuongezea C (nje ya mji, uliko uwanja) siku ya kwenda uwanjani tu, au WelcomeCard, ile kadi ya watalii ya usafiri na punguzo la vivutio, inalipa kwa watu wanaotembea sana kwa miguu? Na kitambulisho cha mwanafunzi cha Poland kinakubalika kwa punguzo la makumbusho?