Zamu, mbwa, taa za sola au kumaliza ukuta: nianze na kipi? (Lubumbashi, Kilobelobe)

Mkaaji_Mpya
Salamu zenu wote. Tumehamia Kilobelobe tangu mvua za kwanza. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu. Ukuta wa parseli (kiwanja chetu) kwa mbele umefika kiunoni, nyuma hakuna kitu, ni majani na mahindi ya jirani. Juzi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, usiku, mvua ikinyesha. Wakabeba televisheni, betri ya sola na simu zote, wenyewe wamelala. Mvua ikipiga mabati, nani asikie?

Nina dola 300 hivi, na mke wangu hataki kusikia habari ya "tutaona". Nimefikiria kuchukua zamu, yaani mlinzi wa usiku, au kutafuta mbwa wawili, au kuweka taa za sola kila pembe, au kununua simenti nimalize ukuta wa nyuma. Vyote kwa mara moja siviwezi. Ninyi mliokaa kule pembeni zamani, mngeanza na kipi? Tafadhali mtu asinijibu "vyote ni muhimu".

Mama_Mapacha
Karibu kartye, baba. Zamu tumekuwa naye Bel-Air, kwa hiyo nasema ninachokijua. Hesabu yake haiishii kwenye mshahara. Kuna chakula cha jioni, kuna koti, kuna makaa ya kuota baridi ya Juni na Julai, na mtoto wake akiugua atakuja kwako, si kwa mwingine. Dola 300 itakwenda miezi michache, halafu? Siku ukimsimamisha, anaondoka akijua unalala wapi na ufunguo unawekwa wapi.

Ukimtaka kweli, mchukue mtu ambaye jirani yako anamfahamu kwa miaka. Nenda mpaka kwake uone anapoishi, piga picha kadi yake ya mpiga kura. Kuchangia zamu mmoja nyumba tatu kunawezekana, ila mwezi wa pili utaona nani halipi. Kwangu mimi zamu si cha kwanza.

Katuba_Moja
Zamu njo mwizi wa kwanza kujua nyumba 😂 Mi naona mbwa tu.

Mama_Mapacha
Katuba_Moja, taratibu. Baba yangu alitulea kwa kazi hiyo, akilinda maghala ya watu kwa fimbo na tochi, na hakuna hata msumari uliopotea. Nimesema gharama, sikusema zamu ni wezi.

Katuba_Moja
Pole mama, nilikuwa nacheka tu.

Fundi_Vyuma
Ndugu, orodha yako yote inaanzia nje, na mlango hujautaja. Mimi nachomea vyuma, na ninaitwa sana asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo. Kufuli mara nyingi nalikuta zima kabisa! Kilichovunjika ni fremu. Utakuta mtu kanunua kufuli kubwa la bei, kalifunga kwa skrubu fupi kwenye ubao laini, na fremu yenyewe imeshikwa na simenti kidogo tu. Teke mbili, inaondoka na kila kitu.

Leo jioni simama nje ya mlango wako utazame bawaba. Zikiwa upande wa nje, mtu anasukuma pini kwa msumari na nyundo, na mlango unafunguka upande ambao hukuutegemea. Fundi aichomelee pini isitoke, ni kazi ya dakika chache. Kisha komeo mbili za ndani, moja juu, moja chini. Ile ya katikati peke yake inaacha pembe ya chini ipinde, na hapo ndipo wanapoingiza chuma. Fremu ishikwe kwa vyuma vinavyoingia ndani ya tofali, si misumari.

Antivoli, zile nondo za dirisha, nazo zizamishwe ukutani. Nimeona nyingi zimefungwa kwa skrubu juu ya mbao, mwizi anakuja na bisibisi, anafanya kazi yake kama fundi mwenzangu. Lakini dirisha moja la chumba cha kulala liwe na antivoli ya kufunguka, kufuli kwa ndani, ufunguo kwenye msumari ambao hata mtoto anaujua. SNEL ikikata umeme watu wanawasha mishumaa, na wengine wanaingiza mbabula yenye makaa ndani. Moto ukianza mlangoni, utatokea wapi?

Kama jiko lako la nje ni la matofali mabichi, usiweke kitu cha thamani humo. Tofali bichi linamwagiwa maji taratibu, linalegea, tundu linatoboka bila kelele.

Mkaaji_Mpya
Nimetoka kutazama. Bawaba ziko nje. Zote.

Na ukuta wa nyuma, fundi? Mke wangu anaupenda huo kuliko yote.

Fundi_Vyuma
Kwa dola 300 hautaumaliza, utaongeza mistari michache halafu simenti itaisha. Na ukuta mrefu uliofungwa pande zote, mwizi akishauruka, umemfichia kazi, hakuna jirani anayemwona. Sisemi usijenge. Jenga pesa zikija. Kwa sasa panda bugenvilea nyuma, wakati huu mvua ipo, ikifika kiangazi itakuwa imeshika. Miiba yake haiombi mshahara.

Yaya_Kampemba
Niongeze kuhusu taa, maana watu wananunua zile za rangirangi kisha wanalalamika. Taa inayowaka usiku kucha, siku za mawingu ya Januari, inazimika kabla ya alfajiri, na wageni hao wanaijua saa hiyo. Chukua inayowaka mtu akipita. Inatunza chaji, na kuwaka ghafla kwenyewe kunamshtua mtu. Kama unapata yenye paneli mbali na balbu, paneli iende juu ya mabati kwenye jua, balbu ikae chini ya paa.

Iweke juu ambako mtu hafiki bila ngazi, kwa sababu taa zenyewe zinaibwa. Ielekee njia na kichaka, isielekee mlango wako. Wewe uliye ndani gizani umwone, yeye asikuone.

Halafu hayo mahindi, yaya. Januari mpaka Machi yanapita kichwa cha mtu. Taa haimulikii mtu aliye katikati ya mahindi. Zungumza na mwenye shamba akate mistari ya karibu na nyumba.

Mkaaji_Mpya
Mwenye mahindi ni mama mzee, ndiyo bukari (ugali) yake ya mwaka. Sina uso wa kumwambia akate.

Mzee_wa_Njanja
Usimwambie akate, mwanangu. Mwache avune. Msimu ujao mpelekee mbegu za karanga au miche ya matembele, umwombe apande upande wako, mahindi yaanzie mbali kidogo. Atakushukuru, na macho yako yatafika mpaka njiani. Hakuna zamu atakayekulinda kama mama mzee asiyelala usiku na anayekupenda.

Mnaongea vitu vya kununua tu. Nunueni na firimbi, kila nyumba moja. Sisi kwetu tulikubaliana hivi: firimbi ikilia, kila mtu anawasha taa, anapiga sufuria, anapiga kelele akiwa ndani kwake. Hakuna anayetoka peke yake. Gizani, na panga mkononi, utamkata jirani aliyekuja kukusaidia. Shefu wa avenue, kiongozi wa barabara yenu, awe anajua mpango wenu, na namba ya kituo cha polisi cha karibu iandikwe ukutani, maana simu ndiyo ya kwanza kubebwa.

Na mwizi akikamatwa, asichomwe. Najua watu wana hasira. Kumchoma mtu tairi ni kuua, sheria haijali alikuwa na televisheni ya nani. Na si kila anayekutwa usiku kwenye parseli ya mwenzie ni mwizi, walevi wanaopotea njia tunao wengi.

Jambo jingine, wakigonga usiku wakisema ni polisi, wamekuja kupekua. Sheria yetu hairuhusu msako wa nyumba kuanza baada ya saa tatu usiku (21h00) wala kabla ya saa kumi na moja alfajiri (5h00), isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, au kosa likiwa linatendeka papo hapo. Ongea nao kwa heshima ukiwa ndani, mpigie shefu wa avenue aje kwanza. Sare inaweza kuvaliwa na yeyote.

Katuba_Moja
Mzee, na wale wanaounganisha waya wa SNEL kwenye ukuta? Kwetu kuna mmoja.

Mzee_wa_Njanja
Mwambieni autoe leo. Waya huo hauchagui. Mpira wa watoto ukiangukia ndani, atakayepanda kuufuata si mwizi.

Dada_Ruashi
Na mbwa hamumtendei haki. Ila ndugu Mkaaji, ukichukua mtoto wa mbwa leo, utamlinda wewe kwa mwaka mzima kabla hajakulinda. Wengi wanamfunga mnyororo nyuma ya nyumba mchana na usiku, akibweka kila mara mpaka hakuna anayemsikiliza. Mfunge mchana, mfungulie usiku baada ya kufunga geti.

Kwako wewe ambaye ukuta haujakamilika, mbwa mkubwa wa kuzurura atauma mpita njia, na kesi itakuwa yako. Chukua mdogo mwenye kelele, alale barazani au ndani. Kazi yake ni kukuamsha tu, kupigana si kazi yake. Mvua ikipiga mabati wewe husikii, yeye anasikia. Mfundishe kula kwenye sahani yake tu, chakula kikitoka mkononi mwa watu wa nyumbani, maana nyama yenye sumu inarushwa usiku. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, usiseme "ni wa ndani".

Yaya_Kampemba
Kuhusu zile simu zilizobebwa kwa jirani: mwambie ampigie mtandao wake haraka afunge laini, kabla pesa za M-Pesa au Airtel Money hazijahama. Na ninyi wengine, piga *#06# sasa hivi, andika ile namba ya IMEI kwenye daftari, si kwenye simu ileile. Bila namba hiyo, hata simu ikikutwa sokoni utathibitisha vipi kuwa ni yako? (Ile RAM, kodi ya simu tuliyokatwa kwenye mayunite mpaka ikaondolewa 2022, walisema pia ni kwa ajili ya simu zilizoibwa. Haya.) Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, na akipiga mtu anayejiita wa kampuni akaitaka, kata simu.

Mkaaji_Mpya
Nimeelewa. Nimeshaongea na fundi wa hapa: pini za bawaba, komeo nne kwa milango miwili, na fremu ya nyuma kushikwa upya. Ikibaki pesa, taa mbili za kuwaka mtu akipita, moja mbele, moja upande wa mahindi. Antivoli ya chumba cha watoto itangoja mwezi ujao, ndiyo inayoniuma. Zamu hapana. Firimbi nimewaambia majirani wawili, mmoja amekubali, mwingine amesema yeye ana Mungu. Sawa, Mungu na firimbi havigombani, nitamrudia.

Mke wangu bado anataka ukuta. Nimemwonyesha maneno ya fundi, amesema fundi hakai Kilobelobe.

Fundi_Vyuma
Mwambie nilikaa Kisanga kabla hakujawa na barabara, anielewe 😄

Mkaaji_Mpya
Dada Ruashi, mbwa mdogo mwenye kelele napata wapi? Njiani wanauza lakini siwaamini.

Dada_Ruashi
Wa kwetu amezaa, wamebaki wawili, jike na dume. Chukua jike, ndilo lenye mdomo. Njoo Jumapili baada ya misa, uje na katoni yenye matundu. Hela ya chanjo utarudisha, mbwa ni bure.

Katuba_Moja
Dume mniwekee mimi.