Data za mauzo za miaka ya nyuma: tufute au tuzitunze?

Bohari_Kuu:
Wakuu, naomba msaada. Duka la jumla la vyakula, Dar. Mfumo wa mauzo una data tangu 2019 na seva imejaa. Mhasibu anataka tufute kila kilichozidi mwaka mmoja, eti mchele wa 2020 ulishaliwa. Kuna faida gani ya kweli kuzitunza?

Mzani:
Mchele uliliwa, ila Ramadhani inarudi, tena hairudi tarehe ileile. Husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, 2025 mwanzoni mwa Machi. Ukilinganisha Aprili na Aprili, utaona tende na sukari zimeporomoka wakati wateja ni walewale. Panga mauzo kwa wiki za mfungo: wiki mbili kabla, wiki ya kwanza, mpaka Idi. Uwe na mifungo mitatu angalau. Ukiwa na mmoja hutajua kama mauzo yalipanda kwa sababu ya mfungo au jirani yako aliishiwa.

Kosa baya zaidi ni ile sifuri. Siku bidhaa ilipoisha, ripoti inaonyesha mauzo 0, kana kwamba hakuna aliyeitaka. Chukua mafuta ya kula: yameuzwa katoni 120 kwa mwezi, lakini siku 12 stoo ilikuwa tupu. Usigawe kwa 30. Gawa kwa 18, unapata kama katoni 6.7 kwa siku, yaani mahitaji ya mwezi ni 200. Ukiagiza 120 tena utaishiwa tena, na mwakani data yako itaapa kwamba 120 ndiyo kawaida. Mzigo ukichukua siku 9 kufika, unahitaji katoni 60 za kusubiria, na akiba ya siku 3 ni 20. Stoki ikigusa 80, agiza.

Kwa hiyo tunza na salio la stoo la kila siku. Idadi na bei ziandikwe kando; ukibaki na shilingi tupu, bei ikipanda utadhani biashara imekua. Na katoni ya chupa 12 ikigeuka ya chupa 6, ipe namba mpya ya bidhaa.

FundiSeva:
Mhasibu anamsingizia mtu asiye na kosa. Mistari 1,000 kwa siku, baiti 200 kila mmoja, kwa miaka 6 ni kama MB 440. Inaingia kwenye flashi. Angalia picha za risiti na nakala rudufu za kila usiku zinazorundikana kwenye diski ileile.

Ukihamisha, toa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa alama ya mkato) la kila mwaka, tarehe ziwe 2024-03-05 (03/05 kila mtu ataisoma anavyojua). Usilifungue kwa Excel ukalihifadhi tena: 0712 inageuka 712, na mistari ikizidi 1,048,576 inayobaki inakatwa. Hesabu mistari na jumla ya fedha kabla na baada. Kisha rudisha faili moja kwenye kompyuta nyingine. Likigoma, usifute chochote.

Mlipakodi:
Mwaka mmoja ni hatari. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na kama kuna mgogoro wa kodi, mpaka uishe. Majina na simu za wateja ni habari nyingine, yanaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Huyahitaji tena? Yaondoe, weka namba ya kubuni, mauzo yabaki. Wenye madeni waache kwanza.

Bohari_Kuu:
Shukrani wakuu. Salio la stoo la zamani hatuna, ni mauzo na mapokezi ya mzigo tu. Nafanyaje?

Mzani:
Siku za kuishiwa unaweza kuzibaini. Bidhaa inayouzwa kila siku ikikaa siku 3 au zaidi bila mauzo, kisha mauzo yakarudi siku mzigo ulipopokelewa, ziandike "iliisha" badala ya 0. Kwa bidhaa inayotoka mara moja kwa wiki usijaribu, utajidanganya. Salio la kila siku anza kulihifadhi leo jioni mkifunga hesabu.