Je, viumbe wenye akili lazima wajiangamize?

Mwl_Hombolo:
Habari zenu wakuu. Juzi umeme ulikatika hapa Hombolo, nikakaa nje na wanafunzi wa bweni, nyota zimetapakaa. Nikawasimulia swali la mwanafizikia Enrico Fermi la mwaka 1950: mbingu kubwa hivi, za kale hivi, mbona wenzetu hatuwaoni? Binti mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Basi mwalimu, kila anayefika kwenye bomu la atomiki anajimaliza." Wote kimya. Nikapiga hesabu: kutoka majaribio ya redio ya Marconi, 1895, hadi bomu la Hiroshima, 1945, yaani kutoka kuweza kusikika angani hadi kuweza kujimaliza, ni miaka 50 tu. Nimjibu nini huyu mtoto?

Nyuki_wa_Manyoni:
Mwalimu, binti hajakosea. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Wasovieti ilionyesha makombora matano ya Marekani yanakuja. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kwamba mitambo imekosea. Kumbe setilaiti ilichanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Tuliponea hapo.

MjukuuWaKolo:
Shikamoo mwalimu. Kwanza mwonyeshe mdogo wangu Kilimia, lile kundi la nyota. Iko zaidi ya miaka mwanga 400 kutoka hapa, yaani mwanga wenyewe husafiri zaidi ya miaka 400 kufika, na mawimbi ya redio huenda kwa kasi hiyo hiyo. Mawimbi ya Marconi hayajafika hata theluthi ya safari, kwa hiyo aliyeko huko akisikiliza upande wetu hasikii kitu, nasi tuko hai.

La pili ni korongo la nyuma ya nyumba ya babu, Kondoa. Babu alisema ujanani alikuwa akiliruka. Mimi nimelikuta lori linaingia na kugeuza. Wazee wale hawakuwa wajinga, waliona udongo mwekundu ukishuka kila masika. Ila aliyeongeza ng'ombe alikunywa maziwa yeye na wanawe, na mchanga ukafukia mashamba ya watu wa bondeni. Mimi ugonjwa nauona hapo, siuoni kwenye akili.

Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, matuta na miti. Mwaka 1979 ikaja amri mifugo yote itoke. Iliuma sana, babu alisindikiza ng'ombe wake hadi njia panda, akarudi na fimbo mkononi, siku mbili hakula. Lakini miombo ilirudi. Kingo za korongo leo zimeshikwa na mizizi, na mama anafuga ng'ombe wawili wa ndani, anawakatia majani.

Mwl_Hombolo:
Marahaba mwanangu. Kondoa ilikuwa na wa kutoa amri. Dunia nzima nani ataiamuru?

MjukuuWaKolo:
Hakuna, mwalimu, na hilo linanitisha mimi pia. Ila mwaka 1987 nchi zilikaa Montreal zikakubaliana kupunguza, na baadaye kuacha kabisa, gesi za majokofu zilizokuwa zinakula ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, na hazikuamriwa na mtu. Silaha za nyuklia ni ngumu zaidi, maana kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Mwl_Hombolo:
Likizo ikifika nitawaleta hao watoto. Tutakuja na kamba tulipime korongo, upana na kina, na babu kama yupo awasimulie mwenyewe.

MjukuuWaKolo:
Babu hayupo tena. Fimbo ipo, nitawaonyesha.