Tupeane uzoefu: uamuzi gani wa kimkakati uliinua au kuangusha utendaji wa taasisi yako ya umma?

Mwanzisha mada: Wakuu, heshima kwenu. Niko idara ya mipango, nimeshaandika mipango mkakati mitatu. Wa pili ndio unaoniumiza: kila bosi mpya aliugeuza, huyu akafungua matawi, yule akayafunga. Miles na Snow, wataalamu wa usimamizi, mwaka 1978 waligawa taasisi mafungu manne: zinazotafuta mapya, zinazolinda na kunoa zinachokijua, zinazochanganya yote mawili, na zinazongoja kusukumwa. Sisi tulikuwa fungu la nne. Nilielewa siku nilipokaa dirishani nikasikia wananchi wakidaiwa fomu ambayo tulikuwa tumeshaifuta. Nyie mmeona nini?

Karani wa masjala: Kwetu waliamua kupima idadi ya majalada yanayofungwa kwa siku. Nami nilichambua kama wenzangu, mepesi juu, mazito chini. Ripoti za robo mwaka zikapendeza. Chini ya rundo lilikuwepo jalada la mirathi la mama mmoja mjane, likakaa miezi saba. Alipokuja mara ya nne hakugomba, aliuliza tu kama arudi tena. Upole ule unaniuma hadi leo. Baadaye kikaongezwa kipimo kingine: jalada kongwe kuliko yote mezani lina siku ngapi? Hapo mazito yakaanza kutembea.

Muuguzi: Mfawidhi wetu alikataa kuharakisha mfumo wa kompyuta mpaka kwanza tuwapange wagonjwa wa kudumu kwa miadi. Aliitwa mwoga. Lakini msongamano wa asubuhi ulipungua, tukapata muda wa kumsikiliza mtu. Mfumo ulipoletwa mwaka uliofuata, tulijua tunautakia kazi gani. Kulinda unachokiweza nako ni mkakati, tena unahitaji moyo.

Msoma mita: Sisi walifunga ofisi ndogo ili kubana matumizi. Matumizi yakapungua kweli, na makusanyo yakafuata, maana waliojua mabomba yanavuja wapi walihamishiwa makao makuu.

Mwanzisha mada: Karani, kile kipimo cha jalada kongwe kilitoka kwa wakubwa au kwenu? Rasimu ya mpango wa nne iko mezani kwangu sasa hivi.

Karani wa masjala: Kwetu. Tulimwita mkuu aje masjala tukamwonyesha rundo lenyewe. Ripoti tuliiacha ofisini.